Albamu ya pamoja ya gangsta rap: kutoka studio ya Lubumbashi hadi sokoni

Lebo ndogo za Lubumbashi hupenda kuanza na albamu ya pamoja, na zina haki. Rapa wa Katuba ana nyimbo mbili kali, wa Ruashi ana tatu, wa komuni ya Kenya ana moja tu lakini avenue nzima inaiimba. Hakuna mwenye albamu kamili. Wakiwekwa pamoja wanaijaza, na mashabiki wa mmoja wanawasikia wengine. Rapa wa Marekani Master P alifanya hivyo mwaka 1994 na albamu West Coast Bad Boyz, lebo yake No Limit ikiwa bado Richmond, California. Mwaka huohuo lebo ya Death Row ilitoa albamu Murder Was the Case, ikafika namba moja kwenye Billboard 200, orodha ya albamu za Marekani. Isikilizeni hiyo kwa makini: marapa ni wengi, lakini biti (muziki unaopigwa chini ya mistari) zimetoka mikononi mwa watu wachache, Dr. Dre, Daz na DJ Quik wakiwemo. Hapo ndipo albamu nyingi za kwetu zinapoanguka. Kila rapa analeta biti aliyoipakua mwenyewe, na msikilizaji anasikia lebo kumi.

Kwa hiyo chagueni mtengeneza biti mmoja au wawili kabla ya kumwita rapa yeyote. Kwa mtindo wa pwani ya magharibi, mapigo 88 hadi 100 kwa dakika yanatosha, na besi ndefu na kinanda chembamba kinachopiga filimbi juu. Mdaini faili ya kila ala peke yake. Mkipewa MP3 moja iliyokwisha kuunganishwa, hamtaweza kushusha besi inayomfunika rapa. Biti za bure za YouTube msiziguse: nyingi zinaruhusu kutumia bila kuuza, na mtu mwingine akiisajili biti ileile kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo, wimbo wenu utadaiwa.

Kwenye kurekodi, adui wa kwanza hapa ni bati. Mvua ikianza kulipiga, hakuna programu itakayouondoa ule mlio bila kuharibu mistari. Kati ya Novemba na Machi rekodini sauti asubuhi, mchana bakizeni kazi ya miksi. Chumba cha matofali kinarudisha mwangwi, basi tundikeni mablanketi mawili mazito nyuma ya mgongo wa rapa. Wengi wanayaweka nyuma ya maiki, na bure, kwa sababu maiki ya kondensa kwa kawaida inasikia zaidi kilicho mbele yake: rapa, na ukuta ulio nyuma ya rapa. Asimame sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, na sauti yake kali kabisa isipite −6 dB kwenye kipimo cha programu. Wa gangsta wanapiga kelele mwishoni mwa mstari, kwa hiyo pimeni kwa mstari wa mwisho. Mkisikia mngurumo wa chini usiokatika, mara nyingi ni umeme wa 50 Hz unaoingia kupitia chaja ya laptop. Chomoeni chaja, rekodini kwa betri. SNEL, kampuni ya umeme, ikikata, mtafurahia kwamba mlifanya hivyo.

Kubalianeni wote faili za WAV (sauti isiyobanwa), 24 bit, 48 kHz. Rapa akirekodi kwa 44.1 kHz na mradi wenu ukaisoma kana kwamba ni 48, sauti inakimbia karibu asilimia 9 na kupanda karibu nusu-toni moja na nusu. Rapa mzito anageuka kijana wa sekondari. Dakika moja ya sauti ya mono kwa kipimo hicho ni karibu MB 8.6, basi wimbo wa dakika tatu na nusu wenye njia (track) 20 unakula karibu MB 600. Hizo zipelekwe kwa fleshi. Ikibidi WhatsApp, tumeni kama dokumenti. Ujumbe wa sauti unabana kila kitu na hakirudi tena.

Masteringi, yaani kusawazisha nyimbo zilizokwisha kumiksiwa, ifanywe na mtu mmoja, nyimbo zote kwa mkupuo. Lengeni karibu −14 LUFS (kipimo cha nguvu ya sauti jinsi sikio linavyoisikia) kama mnawaza Spotify, kilele kisizidi −1 dB, na tofauti kati ya wimbo na wimbo isipite LUFS 1. Lakini namba haitoshi. Pangeni nyimbo kwa mfululizo, sikilizeni sekunde kumi za mwisho za moja na kumi za kwanza za inayofuata, kwenye simu na kwenye redio ya taksi. Sauti ya rapa ibaki mahali pale pale. Taksi hairekebishi nguvu kama Spotify, na dereva akilazimika kugusa kitufe, mara nyingi anabadilisha wimbo kabisa.

Karatasi ya mgawo isainiwe siku ya kurekodi, kabla rapa hajavaa hedifoni: jina halisi, asilimia ya mwandishi, ya mtengeneza biti, ya lebo, jumla 100. Baada ya wimbo kupendwa, kila mtu anakumbuka mapatano yake. Mkitaka kukata gitaa la Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa zamani wa Katanga, kutoka kwenye rekodi ya zamani, mnahitaji ruhusa mbili, ya utunzi na ya rekodi yenyewe. Mpiga gitaa wa mtaani akilipiga upya, ile ya rekodi inaondoka, ya utunzi inabaki. Kwa utunzi, mlango wa kwanza ni SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo.

Kabla ya kupakia, muulizeni msambazaji wa mtandaoni kama anapokea albamu za wasanii mbalimbali. Si wote wanaokubali. Wimbo uliokwisha kutoka peke yake ubaki na ISRC yake (namba ya utambulisho wa rekodi) ya zamani, la sivyo hesabu ya wasikilizaji inagawanyika. Majina halisi ya watu wanaotukanwa yaondoeni kwenye mistari. Lebo ndiyo itakayoitwa kujibu. Kwa redio, tengenezeni toleo safi: zimeni neno kwenye njia ya rapa tu, biti iendelee bila kukatika. Mlio wa pii unaua wimbo. Toleo hilo linawezekana tu kama faili za sauti pekee bado zipo, basi zihifadhini kwenye diski mbili, katika nyumba mbili tofauti.