ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980: gemu ya kaseti inapogoma kupakia
Mistari myekundu na samawati ilitulia vizuri ukingoni mwa skrini, ila ilipogeuka bluu na njano tu: "R Tape loading error", yaani hitilafu ya kupakia kaseti. Mtuhumiwa ni hedi ya redio kaseti, kile kipande kinachosoma tepu, iliyokaa upande. Mlio wa mwanzo, ule wa mistari myekundu na samawati, kama hezi 807, hupita hata hivyo. Kwenye data yenyewe, ile ya bluu na njano, biti za sifuri hufikia takriban hezi 2,000, na sauti nyembamba ndizo hufifia kwanza. Nilipangusa hedi kwa pamba na spiriti, kisha nikazungusha skrubu yake yenye springi kidogo kidogo, kaseti ikilia spikani, mpaka mlio ukawa mkali kabisa. Sauti robo tatu. Tia alama skrubu kabla ya kuigusa. Kaseti ulizorekodi kwa mashine hiyohiyo zitataka irudi palepale.