Bafu la mama na bima yake

Jamani mwenye mzee nyumbani akaangalie bafu lake leo leo. Mama yangu, tuko nae Nkuhungu hapa Dodoma, aliteleza kwenye marumaru akitoka kuoga, nyonga imeunga ila miguu haina nguvu tena, mtu wa fiziotherapia akasema bafuni kuwe na vyuma vya kushikilia, kiti cha kuogea na choo cha kukaa maana kuchuchumaa ndo basi. Nikapeleka cheti dirisha la bima, naambiwa hivyo ni vitu vya nyumba sio matibabu. Yani kutibu nyonga wanalipa ila chuma cha kuzuia asianguke tena hawalipi! Iliniuma sana.

Kaka yuko Marekani anasema hata huko Medicare ya kawaida, yani bima ya serikali ya wazee, hailipii vyuma wala kiti cha kuogea, inalipia kile kiti cha kujisaidia chumbani daktari akiandika kwamba mgonjwa anakihitaji, ila baadhi ya mipango ya Medicare Advantage, ile Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, ndo inaongeza vya bafuni.

Tukamwita fundi wa kuchomelea, kafunga bomba la chuma kwa bolti ndani ya tofali, msikubali la kubandika maana mzee akiteleza ananing'inia nalo mwili mzima. Chini mpira usioteleza, taa usiku haizimwi. Mama anaoga mwenyewe sasa, mlango kafunga, nafurahi mno.

Ambaye bima ilimkubalia naomba aniambie daktari aliandikaje kwenye cheti, chuma tumeweka ila kiti bado.