Advansi Kwanza, Kompyuta Baadaye

Nafanya usanifu wa machapisho kwa kujitegemea hapa Dar es Salaam: vitabu, ripoti za mwaka, kalenda, vipeperushi, kadi za harusi. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii hunitafuta wakitaka siri ya kudumu, na nawaona kabisa wanasubiri niwape habari za kuamka alfajiri na kutokata tamaa. Mimi napenda usingizi. Na watu wasiokata tamaa nimewaona wengi, wenye mkono mzuri kuliko wangu, wakirudi kuzungusha bahasha za kuomba ajira. Hawakukosa kazi. Kazi zilikuwepo tele, hela ndiyo ilikuwa kwa watu.

Kwa hiyo nitasimulia jambo kavu: nilivyowazoesha wateja kutoa advansi, yaani hela ya kuanzia, kabla sijafungua kompyuta.

Nenda Keko ukaagize kitanda. Seremala atakwambia bei, atakwambia utoe ngapi ya mbao, na utatoa. Hakuna anayemuuliza kama haaminiki. Fundi cherehani naye vivyo hivyo. Ila msanifu akidai hela ya kuanzia, mteja anashtuka, kwa sababu mbao anaziona na kitambaa anakishika, lakini kazi ya kompyuta kwake ni kubonyezabonyeza tu. Haoni kitu kilichonunuliwa wala kilichoisha. Nilipolielewa hilo niliacha kulalamika kwamba Watanzania hawathamini ubunifu. Wanathamini. Shida ilikuwa karatasi yangu ya bei, iliyokuwa na mstari mmoja: "Usanifu wa kipeperushi", na tarakimu mbele yake.

Nikaibomoa. Sasa hivi mteja anaona kila kitu kikiwa peke yake: kusoma na kupanga maandishi, picha za kununua, prufu ya kwanza (nakala ya kukagua kabla ya kuchapa), marekebisho mara mbili, kisha faili la mwisho la kupeleka kwa mchapaji, likiwa na rangi za CMYK (wino nne za mtambo) na milimita 3 za ziada kila upande za kukatia. Nusu ya jumla inalipwa mwanzo, nusu nyingine kabla ya faili la mwisho kutoka mkononi mwangu. Prufu naituma ikiwa hafifu, na jina langu limekatiza katikati ya ukurasa. Siyo kwamba namwona mteja mwizi. Prufu nzuri ikishafika kwa mtu mwenye haraka, atachapa hiyohiyo, halafu lawama za picha zenye ukungu ziwe zangu.

Kusema maneno yenyewe ndiko kulikonitesa zaidi. Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mteja wangu mpaka leo, alinipigia akitaka kalenda.

"Mdogo wangu, wewe nifanyie, mimi nitakimbilia wapi? Duka langu si unalijua?"

"Nalijua sana kaka, ndiyo maana nataka kalenda zako ziwahi. Advansi ikiingia leo, Jumatatu unaona prufu."

"Na isipoingia?"

"Basi natangulia na za wenzako waliokwishaingia kwenye foleni, za kwako zinafuata."

Akacheka, akasonya, akakata simu. Jioni hela ikaingia.

Angalia kisichokuwemo humo: uaminifu. Mteja akikuuliza "kwani huniamini?" nawe ukaanza kujibu, umeingia kwenye mdahalo usioweza kuushinda, maana ukisema unamwamini utafanya bure, na ukisema humwamini umemtukana. Mimi nazungumzia foleni. Foleni haimtukani mtu, na ni ya kweli: Novemba na Desemba kalenda zinajazana, wachapaji hawapumui, na aliyelipa ndiye ninayemtafutia nafasi kwenye mtambo.

Wako walioondoka. Nilitegemea watakuwa wengi kuliko ilivyotokea, na walioondoka wengi wao ni walewale ambao hata wangebaki ningewafukuza mwaka mzima kwa simu.

Maofisini hali ni nyingine kabisa, na kanuni ya advansi ukiing'ang'ania huko utakosa kazi nzuri. Taasisi inalipa ikishapokea mzigo. Kuna LPO (hati ya ofisi ya kuagiza kazi), hati ya kupokelea mzigo, ankara, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), kisha unasubiri. Hapa nililinda mfuko kwa njia nyingine. Kwanza, sianzi kwa ujumbe wa WhatsApp wa afisa, hata akiwa rafiki. Naanza LPO ikiwa mkononi, kwa sababu afisa anahama lakini LPO inabaki kwenye faili. Pili, nina kikomo. Fedha zangu zilizoko maofisini zikifikia kiasi ambacho zikichelewa nitashindwa kodi ya nyumba, ofisi inayofuata naiambia ratiba imejaa, japo moyo unauma.

Tatu ni majira. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, na taasisi nyingi zinafuata mdundo huo. Kuanzia Aprili simu hazikauki: bajeti ipo, muda unaisha, kila idara imekumbuka kwamba ilipaswa kuchapa ripoti. Juni unafanya kazi usiku. Halafu Julai na Agosti kimya, maana bajeti mpya imepita lakini fedha hazijashuka. Asiyejua hili anadhani amerogwa au wateja wamemkimbia, anashusha bei Agosti, na bei ukiishaishusha haipandi tena kirahisi. Mimi Agosti nasafisha mafaili, natengeneza sampuli za kalenda na kuwatembelea wachapaji. Hata kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba, tulikubaliana kivunjwe Julai badala ya Desemba kama ilivyozoeleka, kwa kuwa wengi wetu mle ndani tunaishi kwa hela za ofisi. Hisa zangu zinarudi wakati hasa mfuko unapokuwa umetoboka.

Kuna taasisi moja ilinizungusha kwenye malipo ya ripoti mpaka nikawa nawafahamu walinzi wake kwa majina. Nilichogundua pale getini na kwenye korido ni kwamba swali la "mtanilipa lini?" halina jibu, kwa sababu unayemuuliza kwa kawaida hajui. Nikabadilisha: "Karatasi yangu iko meza ya nani?" Hilo linajibika. Iko kwa mhasibu, inasubiri saini ya mkuu wa idara, mkuu amesafiri, anayekaimu ni fulani. Nikaenda kwa anayekaimu. Kumbe hati ya kupokelea mzigo ilikuwa imedondoka njiani, na hakuna aliyekuwa akiitafuta kwa kuwa hakuna aliyejua imepotea. Nilikuwa na nakala kwenye mkoba, nikaitoa palepale. Siku hizi kila karatasi ninayopeleka ofisini ina pacha wake nyumbani, imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Nizungumzie na asilimia 5, kwa sababu inagombanisha watu bure. Ofisi ikikulipa kwa huduma, inakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Umeandika ankara ya shilingi 2,000,000, inaingia 1,900,000, na wenzangu kadhaa wamewahi kupandisha sauti dirishani wakidhani mhasibu kala laki moja. Laki hiyo imepelekwa TRA, mamlaka ya mapato, kwa jina lako. Ukiwa na cheti chake unakitumia unapofanya hesabu za kodi yako ya mwaka. Usipokidai cheti, umeitoa kama zawadi. Nina bahasha maalumu ya vyeti hivyo, na ndiyo kitu cha kwanza ningekiokoa nyumba ikishika moto, baada ya watoto.

Ndugu ndio mtihani wenyewe. Mtu wa duka unaweza kumwambia foleni, shangazi je? Shangazi yangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Akapiga simu, sauti ya mkutano: "Mwanangu, kadi za michango na za mwaliko tumekuachia wewe, si ndiyo kazi yako." Kadi za watu wengi, za aina mbili, zenye majina ya kuandikwa moja moja, na kamati ya harusi kila mjumbe ana maoni yake kuhusu rangi ya dhahabu.

Sikukataa. Niliandika ankara kamili kwa bei yangu ya kawaida, kila mstari mahali pake. Chini ya jumla nikaandika: "Mchango wangu wa harusi", nikatoa gharama yote ya usanifu, ikabaki ya karatasi na uchapaji tu. Nikampelekea shangazi mkononi, kwa heshima zote, nikamwambia mchango wangu ndio huo, nao uandikwe kwenye daftari la kamati. Alivaa miwani, akasoma kwa muda mrefu. "Kumbe hizi kadi ni hela zote hizi?" Akaniandika kwenye daftari mbele yangu. Sikuombwa mchango mwingine, na hakuna aliyesema nimefanya bure, kwa sababu sikufanya bure: nilichanga. Tangu hapo kila kazi ya ndugu ina ankara, hata ikiishia sifuri. Shangazi mwenyewe ameniletea wateja wawili wa harusi, na aliwaambia bei kabla hawajafika kwangu.

Upande wa kujilipa sitachukua muda mrefu. Nilisajili jina la biashara BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, nikachukua TIN, namba ya mlipakodi, nikafungua Lipa Namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, na laini ya simu ya nyumbani ikabaki ya nyumbani. (Jina la biashara lisikudanganye ukadhani umejificha nyuma ya kampuni. Deni la jina hilo ni deni lako.) Kila Ijumaa nautoa mshahara wangu kwenye biashara, kiasi kilekile, iwe Juni au Agosti, na kila kinachoingia na kutoka kinaandikwa kwenye kaunta buku. Programu za simu nimejaribu, ni nzuri, lakini kaunta buku haliishi chaji. Hela ya kusaidia ndugu nayo ina ukurasa wake. Ikiisha mwezi huu nasema imeisha, na kwa kuwa ni kweli, sauti yangu haitetemeki.

Dharura nazo zina ukurasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari ziliharibika na mtandao ukawa unajikokota ukanda mzima huu wa Afrika Mashariki. Nilikuwa na kitabu kinachotakiwa kiwandani, faili zito, upakiaji umeganda asilimia 3. Nikaliweka kwenye flashi mbili, nikapanda bodaboda, moja nikampa mchapaji na nyingine nikabaki nayo. Wapo waliokaa siku nzima wakituma picha za kile kiduara kinachozunguka kama ushahidi. Mteja hakuwa anataka ushahidi. Flashi mbili zimo kwenye mkoba wangu mpaka leo, pamoja na hela ya bodaboda isiyoguswa.

Kuna wateja wachache wa nje ya nchi, na hao wananilipa kwa dola bila tatizo. Kwa mashirika ya hapa ndani nilikuwa nikiandika bei kwa dola kama wengi, ili shilingi ikiyumba nisiumie. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zimefunga mlango huo: bei na malipo ya ndani ni kwa shilingi. Nilichofanya ni kufupisha uhai wa bei. Karatasi yangu ya bei sasa ina tarehe ya mwisho, siku 14, kwa sababu karatasi na wino vinatoka nje na mchapaji hupandisha bila kunipigia simu. Mteja akirudi baada ya miezi mitatu na bei ya zamani, tunaangalia tarehe pamoja, hatubishani.

Kitu kimoja bado sijakiweza, nacho ni nembo. Kitabu nakijua: kurasa kadhaa, saa kadhaa, bei inajulikana. Nembo inaweza kunijia nikiwa kwenye daladala, au ikanikalia wiki nzima na mteja bado anasema "haijanigusa". Nimejaribu bei ya juu wakakimbia, nimejaribu ya chini wakaomba mabadiliko yasiyoisha. Kwa sasa natoa michoro miwili kwa bei moja, wa tatu unalipiwa kwanza. Wanakubali, wanalipa, halafu wa tatu ukifika wanachagua ule wa kwanza.