Fungu la Waliobaki Besori

Somo: 1 Samweli 30:9–25

Mwanajeshi aliyetumikia tangu ujana hadi kustaafu, kisha akawapigania wastaafu wenzake miaka yote iliyobaki, akifa wasifu wake hujaa vyeo na medali. Ile kazi ya pili hupewa sentensi moja: "alipenda kusaidia wenzake." Wiki hii tukae na sentensi hiyo.

Daudi alitoka Siklagi na watu 600. Mji umeteketezwa, wake na watoto wametekwa na Waamaleki, nao wamelia mpaka nguvu zimewaishia. Kwenye kijito cha Besori, 200 wakashindwa kuvuka. Hawakuwa watoro. Walikuwa wametembea mwendo uleule na wenzao, ila miili iligoma, wakabaki na mizigo.

Mbele kidogo akaokotwa kijana Mmisri, siku tatu hajala wala kunywa. Bwana wake Mwamaleki alimtupa kwa sababu aliugua. Tazameni mpangilio: mkate, maji, kipande cha mkate wa tini, vishada viwili vya zabibu kavu. Roho ikamrudia, ndipo Daudi akamwuliza ni mtu wa nani. Sisi hutanguliza fomu. Mtetezi anayeijua kazi yake hamwulizi mstaafu namba ya jeshi kabla ya kujua kama amekula, kwani mwenye njaa na maumivu huchanganya tarehe, na tarehe moja ikikosewa jalada linarudishwa.

Kijana huyo akawaongoza hadi kwa Waamaleki, wakawapiga, wakarudi na mateka na nyara. Vita vilipokwisha, baadhi ya wale 400 waliovuka walisema waliobaki wapewe wake na watoto wao tu, waende zao. Hoja yao ina sura ya haki: hukwenda, hupati. Daudi hakujibu kwamba wale 200 ni wa kuhurumiwa. Alisema mali hii ametupa Bwana, basi mafungu ni sawasawa, na akalifanya neno hilo kuwa sheria (mst. 25). Sadaka hungoja moyo mwema kila mara. Sheria hubaki hata Daudi akishalala. Ndiyo maana mtetezi huyu wa wastaafu alishinda siku nzima kwenye makaratasi.

Basi tumkumbuke kwa makaratasi, tukianza na mjane wake. (Watu wa namna hii hushughulikia jalada la kila mtu, la kwao likawa la mwisho.) Wekeni mezani cheti cha kifo, cha ndoa, cha utumishi jeshini na vya kuzaliwa vya watoto, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Jeshini aliandikishwa Yohana, kwenye ndoa ni Johana: hapo ndipo madai hukwama miezi. Ulizeni mapema kama hati ya kiapo inakubaliwa kuthibitisha kwamba ni mtu yuleyule. Pelekeni nakala zilizothibitishwa, na nakala yenu irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa.

Someni pia sababu ya kifo. Pakiandikwa "moyo kusimama" tu, hapajasemwa kitu. Kila afaye moyo wake husimama. Kama alikufa kwa ugonjwa alioupata kazini, daktari aliyemtibu aombwe autaje ugonjwa wenyewe, maana stahili za mjane zinaweza kuning'inia hapo. Toeni taarifa ya kifo mapema. Pensheni ikiendelea kuingia benki baada ya msiba, isiguswe, kwa sababu hudaiwa baadaye na anayeandikiwa barua ni mjane.

Halafu kuna ule mfuko wa majalada ya wenzake, pengine uko chini ya kitanda. Asiuchome mtu wakati wa kusafisha nyumba. Humo mna vyeti halisi vya watu walio hai. Watu wawili waaminifu wakae na familia, kila jalada liandikwe jina, limefikia hatua gani na siku ya mwisho ya rufaa, kisha mwenyewe apigiwe simu. Majalada yaliyobakiwa na siku chache ndiyo ya kuanza nayo, hata kabla ya arobaini.