Vitanda viwili vya futi tatu, Lushoto

Shemeji yangu ndiye aliyeniambia Lushoto hakuhitaji sweta. "Si Tanga hiyo? Beba msuli na shati jepesi." Akaongeza kwamba nisihangaike kupiga simu, gesti ziko tele, nitachagua nikifika. Huyu mtu tangu siku hiyo simwombi ushauri hata wa kununua mchicha.

Tulikwenda mimi na Mama Asha, wikiendi ya Sabasaba, watoto tumewaacha kwa bibi yao. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na hatukuwahi kulala nje ya nyumba yetu bila kuwa na harusi au msiba. Kutoka Mombo barabara inapanda kona kwa kona, kilomita 33, na tulipofika Soni nilikuwa nimeshaanza kusugua mikono. Julai kule mdomo unatoa moshi. Kesho yake nilinunua sweta la mtumba sokoni, elfu saba hivi, la kike, rangi ya waridi. Ndilo lililonitosha.

Gesti tatu zimejaa. Ya nne ilikuwa nyumba ya mama mmoja, vyumba vichache nyuma ya bustani, elfu arobaini na kitu, chai ya asubuhi ndani. (Hilo la chai uliza kabla hujatoa hela. Kuna mahali ukishamaliza mayai ndipo unaletewa bili.) Kwenye kitabu cha wageni nikajaza jina, kabila, nitokako, niendako. Mama Asha akajaza jina la baba yake, kama siku zote. Mwenye nyumba akalitazama jina, akanitazama mimi, akarudi kwenye jina.

"Ni mke wangu, mama."

"Sijauliza, baba."

Chumba kilichobaki kilikuwa na vitanda viwili, kimoja huku, kingine kule, katikati kimeza chenye kitambaa cha kufuma.

Nikasema hili dogo. Nikavisogeza vikagusana. Ufa wa katikati nikaujaza blanketi; baada ya nusu saa tukalitoa, maana bila blanketi la pili tungekufa. Nikachukua kanga ya Mama Asha, nikafunga miguu ya vitanda fundo la kufungia mbuzi, nikajipongeza kwa sauti. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Saa nane usiku nikageuka, kanga ikalegea, vitanda vikaachana taratibu kama mashua mbili, nami nikabaki katikati, goti moja chini, mkono mmoja hewani. Mama Asha hakuniuliza kama nimeumia. Alicheka mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Nilipokuwa pale chini ndipo akili ikaja. Vitanda ni futi tatu kwa sita. Viwili vikiungana ni sita kwa sita, mraba kamili! Basi magodoro ya nini kulala yakifuata vitanda? Nikasukuma kitanda kimoja hadi ukutani, nikabana cha pili, kisha nikayalaza magodoro kwa kukingama, moja upande wa kichwa, moja upande wa miguu. Kiungo sasa kinapita chini ya kiuno, hakuna wa kutumbukia, na uzito wa magodoro wenyewe unavishika vitanda. Shuka kubwa juu. Tukalala hadi jua likatoka.

Irente, kwenye jabali la kutazamia bonde, tulikwenda kwa miguu baada ya chapati na parachichi. Ukisimama ukingoni unaiona Mazinde chini kabisa na mashamba ya katani, na upepo unalijaza sweta la waridi kama tanga. Picha zipo, ila sizionyeshi.

Siku ya kuondoka dada wa usafi alimwita mama mwenye nyumba aje aone. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akabonyeza kiungo kwa ngumi.

"Baba Asha, leo mchana napokea maharusi. Chumba chao ni kama hiki."

Nikaweka begi chini. Mama Asha akashika upande wa miguu.