Kiboko Hana Shingo

Mwaka 1996 nilivuka mpaka pale Sirari na mkoba mmoja: mashati mawili, tezo, na patasi nne nilizozifunga kwenye kitenge cha mama. Kwetu ni Newala. Mjomba ndiye aliyenifunza kuchonga mpingo, kwanza uani kwake, halafu Mwenge, Dar es Salaam, na kufikia hapo nilishajiona fundi. Niliposikia Tabaka, kule Kisii, watu wanakula kwa kuchonga mawe, nilidhani natiwa kamba.

Mzee aliyenipokea nilimwamkia, "Shikamoo." Akajibu, "Mzuri sana." Nikajua kweli niko ugenini.

Akanipa pande la jiwe la rangi ya waridi, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Mpingo ni mti unaozama majini, kwa hiyo mkono wangu ulizoea nguvu. Nikapiga. Pigo la tatu, jiwe likakatika kama muhogo. Kina mama waliokuwa wakisugua vinyago kwa msasa kwenye karai la maji wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama kwetu tunachonga au tunapasua kuni.

Mzee hakucheka. Aliokota nusu moja, akaichovya majini, akaianika juani. "Ngoja." Jiwe likaanza kukauka na kupauka, ila mstari mmoja mwembamba ukabaki umelowa.

"Huo ni ufa. Huku pia kuna mwingine, hukuuona. Kabla ya kupiga, gonga kwa kipini, usikize. Likilia kama kikombe, endelea. Likiguna, liwache."

Nilimbishia. Nikamwambia mti una nyuzi, ukizifuata unakupeleka wenyewe. Nikamchorea mchangani shetani wa Kimakonde, miguu mirefu, viungo vimesokotana. Akamtazama kwa muda mrefu, kwa heshima hata, kisha akaweka kidole shingoni pa mchoro.

"Atavunjikia hapa. Na mteja wa Kisumu haulizi shetani, anauliza kiboko. Kiboko hana shingo."

Basi nikachonga viboko. Wiki tatu, vumbi jeupe mpaka kwenye ugali. Walipofika 12 mmoja alikatika sikio wakati wa kuoshwa, na mama yuleyule aliyenicheka akamweka kando bila neno. Wale 11 walipanda basi la Kisumu wamefungwa kwa majani makavu ya migomba, nami nikabaki stendi nikigonga mawe ya barabarani kwa kipini, nikisikiliza.