Siku Tulizoishi na Mizigo Mlangoni

Usiku wa tarehe 17 Agosti 2023, moto wa McDougall Creek, uliokuwa umeanza siku mbili kabla katika vilima vya West Kelowna, nchini Kanada, ulivuka Ziwa Okanagan na kuwasha misitu ya upande wetu. Mpaka jioni ile mimi na mume wangu tulilitegemea ziwa kama ngome, kwani hatukufahamu kwamba upepo mkali huweza kubeba cheche juu ya maji na kuziangusha kwenye majani makavu ya ng'ambo. Siku iliyofuata jimbo la British Columbia lilitangaza hali ya hatari, na mtaa wetu ukawekwa chini ya tahadhari.

Huku tahadhari na amri ni mambo mawili: tahadhari hukutaka uwe tayari kuondoka wakati wowote, ilhali amri hukutaka uondoke papo hapo. Niliwaeleza watoto kwamba kazi zote za kufikiri zifanyike sasa, ili amri ikija ibaki kazi moja tu ya kuingia garini.

Tulianza na mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Moshi kuwaona wajukuu na ambaye hutumia insulini. Dawa hiyo haivumilii joto kali wala kugandishwa, kwa hiyo tulitayarisha kikasha cha baridi, tukaifunga kwa taulo isigusane na barafu, na nikaandika kwenye karatasi majina ya dawa zake zote pamoja na vipimo, nikizingatia kwamba huenda tukajikuta mbele ya daktari asiyemjua. Pasi za kusafiria, vyeti vya kuzaliwa, cheti chetu cha ndoa na karatasi za bima viliingia kwenye mkoba mmoja. Mume wangu alipita kila chumba akipiga video, akifungua hata makabati, kwa kuwa baada ya moto bima huuliza ulikuwa na nini, na mtu aliyechanganyikiwa hakumbuki.

Gari lilikuwa na robo tanki ya mafuta, jambo ambalo bado linaniuma, kwani tulikaa kwenye foleni ndefu ya kituo cha mafuta huku majivu yakituangukia kiooni. Tangu siku ile tanki letu halishuki chini ya nusu wakati wa kiangazi. Tulipanga njia mbili, barabara ya 97 kuelekea Vernon na ya 33 inayoelekea kusini-mashariki, tukaegesha gari likiangalia barabarani.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kumshawishi mama. Oktoba 2020 aliutazama moto wa Kilimanjaro akiwa kwake, akaona watu wa kujitolea wakipanda kusaidia kuuzima, na kwake kuikimbia nyumba kulikuwa sawa na kuitupa. "Mwanangu, moto unapigwa kwa matawi na udongo, hauachiwi nyumba," aliniambia. Sikubishana naye. Nilimwomba tusaidiane kuondoa majani makavu kwenye michirizi ya paa na kusogeza kuni mbali na ukuta, kwa sababu nyumba nyingi huwaka kwa cheche ndogo zinazotua mahali kama hapo, na nikamweleza kwamba kazi hiyo ndiyo sehemu yetu, iliyobaki ni ya wazimamoto. Alipomaliza aliosha mikono, akakunja kanga zake mbili, akaziweka juu ya mkoba wa hati bila kuambiwa.

Tulilala na nguo za kutokea kwa siku kadhaa, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya moshi, tukipokezana zamu ya kukaa macho na simu. Amri haikutufikia. Tahadhari ilipoondolewa tulirudisha nguo kabatini, lakini mkoba wa hati na orodha ya dawa vilibaki karibu na mlango, na kila ifikapo Mei binti yangu mkubwa huufungua na kukagua tarehe za pasi.